Mume wangu anataka tununue RV, mimi nawaza bati za Kigamboni

BARUA

Shikamoo mama mshauri. Naomba jina langu lisitoke maana sisi Waswahili wa hapa Columbus tunajuana mpaka gari analoendesha mtu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wa kwanza ana miaka 13, wa kati 9 anaingia darasa la nne, wa mwisho 4. Tunaishi hapa Ohio na mume wangu pamoja na mama mkwe, alikuja kunisaidia nilipojifungua huyu mdogo na kwa neema ya Mungu karatasi zake zikakaa sawa akabaki na sisi. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Mume wangu anaendesha semi, yale malori makubwa ya trela, anaondoka Jumatatu alfajiri anarudi Ijumaa usiku, na wiki nyingine harudi kabisa kama dispacha, yule anayewapangia mizigo, kampa mzigo wa mbali.

Sasa mama, tangu mwaka jana mume wangu ameshikwa na hamu ya RV, yale magari ya kusafiria yenye vitanda, jiko na choo humo humo. Mwanzo nilidhani ni stori tu za kupitisha muda, akirudi anawasha video za wazungu wanazunguka na familia zao, watoto wanamzunguka kwenye kochi wanaangalia, mimi napita zangu nikalale. Kumbe mwenzangu yuko siriasi. Ameipata moja ya mwaka 2016, futi 31, ile wanayoita klasi C yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, imejengwa juu ya Ford E-450, inauzwa dola 52,000. Anataka tutoe 12,000 kashi halafu 40,000 iwe mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 8 na nusu. Muuzaji kamwambia inalaza watu 8 kwa hiyo hata mama yake atakuja, na mpango wake wa kwanza ni hifadhi ya taifa ya Yellowstone kule Wyoming, kiangazi kinachokuja.

Shida ni kwamba hizo 12,000 ni hela za bati. Tuna nyumba Kigamboni imefika lenta, fundi anasubiri mbao na bati tu apaue, na kila msimu wa mvua ukipita kuta zinalowa nikitumiwa picha nashindwa hata kula. Tulikubaliana wote wawili kwamba tunapaua kwanza. Sasa naambiwa nyumba haikimbii, watoto ndio wanakimbia.

Halafu nikuambie ukweli wangu mama, mimi nimechoka. Nikitoka kazini saa moja asubuhi napeleka watoto shule, nalala saa nne au tano, naamka napika. Likizo kwangu mimi ni kulala na mtu mwingine apike. Nikifikiria hilo gari naona nahamisha jiko langu na kulipeleka barabarani, kanafasi kadogo, watu sita, sufuria, nguo za watoto, na hicho choo ambacho nasikia lazima mtu akimwage kwa mkono wake. Mama mkwe naye kasema waziwazi yeye hawezi kulala barabarani kama utingo, na magoti yanamsumbua. Na watu wetu nao watasema, nyumba hawajaezeka lakini wamenunua basi la kutalii.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Juzi nilikuwa natafuta picha ya kadi ya chanjo ya mtoto kwenye simu yake, nikakuta risiti, ameshaweka dola 500 ili gari lisiuzwe mpaka mwisho wa mwezi. Hakuniambia, na mimi nimeona nikanyamaza mpaka leo. Usiku nikiwa kazini nalia chooni.

Lakini pia siwezi kusema ni mtu mbaya mama. Siku moja aliniambia hawa watoto wananijua kwa simu tu, na akasema akipita Wyoming kwenye barabara kuu ya I-80 anaona familia zimepaki pembeni zinakula, watoto wanakimbizana, roho inamuuma kwamba vitu vyote vizuri vya nchi hii anaviona peke yake kwenye kioo cha lori. Sasa nikikataa nitaonekana nimemzibia, nikikubali naiona nyumba inabaki gofu. Tuna gari letu la familia, Toyota Sienna, zima kabisa, kwa nini halitoshi? Nishauri mama, nifanyeje?

Mama watatu, Ohio

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana na usingizi. Barua yako nimeirudia kwa sababu humo ndani kuna mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja, na wewe unalibeba lote ukiliita RV. Liko la gari lenyewe, linafaa au halifai. Liko la bati. Na liko la risiti, ambalo kwa ninavyokusoma ndilo linalokutoa machozi kuliko yote. Ukiyajadili na mumeo kwa pamoja mtagombana tu, maana yeye atakuwa anajibu la gari na wewe unauliza la risiti.

Basi tuanze nalo. Imekuuma na una haki, mlikuwa na makubaliano. Ila mwanangu, mtu anayeweka 500 kimya kimya anaweza kuwa ameshaamua bila wewe, na anaweza pia kuwa aliogopa gari litauzwa kabla hajapata moyo wa kukuambia. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na kwa sasa hujui ni lipi, unamhukumu kwa lile linaloumiza zaidi. Na yeye hajui kama umeona. Mwambie umeona, na uiseme mapema, usije ukaihifadhi uitoe siku ya ugomvi. Kisha ombeni ile karatasi muisome pamoja: imeandikwa hela inarudi au hairudi, na mpaka tarehe gani? Muuzaji anaweza kuahidi kwa mdomo chochote, kinachosimama ni kilichoandikwa na kusainiwa. Hilo lifanyeni wiki hii, hata kama mengine yote bado.

Sasa nikuulize kitu kwa upole. Umesema utahamisha jiko ulipeleke barabarani. Hilo alilisema yeye, au umejijibu mwenyewe kwa mazoea ya nyumbani? Maana huyu mwanaume analala kwenye lori siku nne tano kila wiki. Humo nani anamtandikia kitanda, nani anampashia chakula na kumfagilia? Anajifanyia mwenyewe. Mimi naona kwenye mambo ya kuishi ndani ya gari yeye ndiye mzoefu wa nyumba hiyo, wewe ndiye mgeni. Kwa hiyo kabla hujakataa kwa sababu ya jiko, muulize ratiba ya siku moja tu ya hiyo safari anaionaje, nani anaamka kuchemsha chai, nani anaogesha mdogo, wewe unalala saa ngapi. Akishindwa kujibu utakuwa umejua kitu, na akijibu vizuri pia utakuwa umejua kitu.

Hata hicho choo, nikueleze usikiogope kwa kusikia. Kuna tenki la choo na kuna lingine la maji ya sinki na bafu. Unafika kituo cha kumwagia, mtu anavaa glavu, anaunganisha mpira mnene kwenye bomba la chini ya gari, mpira mwingine unaingia kwenye shimo lililoko chini, anafungua valvu ya choo kwanza mpaka iishe, halafu ndiyo anafungua ya sinki ili yale maji yenye sabuni yasuuze mpira. Ni dakika chache na mara nyingi hakuna anayegusa uchafu kama viungio vimekaza. Inaweza kuwa kazi ya mumeo na kijana wa miaka 13, muandike kabisa kwenye karatasi kwamba mama hahusiki.

Yeye naye kuna kitu anakiona lakini sijui kama amekihesabu. Anataka muda na watoto. Sasa chukua hiyo Yellowstone, kutoka Columbus ni kama maili 1,750 kwenda tu. Gari la aina hiyo huenda maili 8 mpaka 10 kwa galoni moja, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu galoni 390, na galoni ikiwa dola 3 na nusu mafuta peke yake yanapita dola 1,300. Hela ni moja, muda ni lingine. Ni siku tatu nne za usukani kila upande, na anayeshika usukani ni yule yule aliyetoka kuushika wiki nzima, watoto wako nyuma yake na yeye anatazama lami. Je, huo ndio muda anaoutamani? Huenda ndiyo, wapo madereva ambao raha yao ni barabara hata siku ya mapumziko. Lakini muulize. Na wewe je, ungekuwa tayari kujifunza kuiendesha umpokee? Leseni yako ya kawaida inatosha kwa RV ya familia hapo Ohio.

Nije kwenye gari lenyewe, maana hapa ndipo watu wanaumia. Muuzaji kasema inalaza watu 8. Vitanda 8 si mikanda 8 mwanangu! Mkiingia humo, wewe na mumeo mkae mbele, mgeuke mtazame meza ya chakula, inueni mito ya viti mhesabu mikanda mmoja mmoja, na mjiulize kiti cha mtoto wa miaka 4 kitafungwa wapi. Viti vya watoto haviruhusiwi kufungwa kwenye kochi linalotazama ubavuni, kinatakiwa kiti kinachotazama mbele, chenye mkanda uliofungwa kwenye chuma na si kwenye mbao za kabati. Magari mengi ya namna hiyo yana nafasi moja au mbili tu za hivyo. Mkishamweka mdogo, wa 9 anakaa wapi, Bibi anakaa wapi? Hilo pekee linaweza kuwajibu kuhusu gari hilo bila hata kugusa hela.

Halafu maji. Adui mkubwa wa RV ya zamani ni maji yanayoingia kutoka juu. Mtu apande ngazi atazame paa, ile gundi inayozunguka madirisha ya hewa, ikiwa imepasuka na kukauka jueni maji yamekuwa yakiingia. Ndani bonyezeni kwa kidole gumba pembe za dari, hasa kule kwenye kitanda cha juu ya dereva, panapobonyea kama mkate pameoza. Vuteni pumzi mkiwa mmefunga milango, harufu ya ukungu haifichiki. Nje mtazame ukuta kwa ubavu kama umevimba malengelenge. Tairi ziko sita, kila moja ubavuni ina maandishi DOT na mwisho wake tarakimu nne: ikisomeka 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Zinaweza kuonekana mpya kwa sababu gari limekaa tu, lakini raba inazeeka hata bila kutembea, na tairi za umri huo ni za kubadilisha zote kabla ya safari, hela hiyo iingie kwenye bei. Mumeo ni dereva, haya ya tairi ananishinda kuyajua, ya paa pengine si kawaida yake. Lipieni fundi wa RV asiyehusika na muuzaji alikague. Na baridi ya Ohio mnaijua, kila mwaka kabla ya barafu lazima maji yote yatolewe kwenye mabomba na kutiwa ile dawa ya rangi ya waridi, la sivyo mabomba yanapasuka. Ulizieni pia mtaa wenu kama unaruhusu futi 31 kulala nje ya nyumba, mitaa mingine hairuhusu na mtalipia mahali pa kulilaza mwezi hadi mwezi.

Hesabu sasa. Dola 40,000 kwa miaka 15 kwa riba hiyo ni kama 394 kila mwezi, mpaka mnamaliza mmelipa karibu 71,000, na gari litakuwa limeshuka thamani vibaya. Ongeza bima na mahali pa kulilaza. Simwambii mtu asikope, watu wamekopa na wamefurahi na watoto wao wamekua wakikumbuka hizo safari. Kinachonitia wasiwasi kwa nyinyi ni hiki: hela hiyo itatoka wapi kama si kwa yeye kuchukua mizigo zaidi? Gari la kumleta karibu na watoto linaweza kuwa ndilo linalomrudisha barabarani wikendi zile zile, na lenyewe limesimama uani. Hilo ningependa alisikie kutoka kwako, ukimsemesha kama mtu unayemtaka nyumbani, bati ziwekeni pembeni kidogo.

Lakini na wewe mwanangu, usiipite haraka ile kauli yake kwamba watoto ndio wanakimbia. Wa kwanza ana miaka 13. Miaka mitano hivi atakuwa na mambo yake, chuo, kazi, marafiki, hata mkimwita hatakuja. Kuta za Kigamboni zinalowa, kweli, na zinahitaji paa. Ila niambie, hizo 12,000 zinatosha kupaua na kumaliza au zinapaua tu halafu inakuja plasta, madirisha, umeme? Nyumba nyingi za sisi tulio nje huwa hazina mwisho. Ukisema baada ya nyumba, weka wazi baada ya hatua ipi na lini, maana kusubiri kusiko na tarehe mwenzio analisikia kama hapana.

Katikati ya kununua na kukataa kuna njia nyingine. Kukodi ni mojawapo, RV kama hiyo msimu wa joto mara nyingi ni dola 150 mpaka 250 kwa usiku, juu yake maili, bima na usafi. Ni ghali na hela haibaki na kitu. Lakini siku nne za kukodi mtajua choo, mtajua jiko, mtajua kama Bibi anapanda zile ngazi. Msiende mbali, Hocking Hills ni kama saa moja tu kutoka kwenu, mapango na maporomoko, na bustani za jimbo la Ohio hazina kiingilio. Tahadhari yangu ni kwamba safari hiyo isiwe mtihani wa mtu kufaulu au kufeli. Mvua ikinyesha siku zote na mtoto akaharisha usije ukasema si unaona, na ikinoga yeye asije akasema basi tusaini kesho.

Umeuliza kwa nini Sienna haitoshi. Kwa safari, inatosha sana. Huyo wa darasa la nne mwaka huu anapata kadi ya bure ya serikali kwa watoto wa darasa hilo, kuanzia Septemba mpaka Agosti, inamuingiza yeye na gari zima la familia kwenye hifadhi za taifa, ambayo kwa kawaida mngelipa dola 80 kwa mwaka. Mnaweza kwenda Mammoth Cave kule Kentucky, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, mkalala kwenye kibanda chenye kitanda na bafu, Bibi akalala kama binadamu. Wewe ungepumzika. Lakini sina hakika kama mumeo angepata anachokitafuta, maana nahisi sehemu ya ndoto yake ni kwamba nyinyi muingie ndani ya maisha yake ya barabarani, mpike pembeni mwa njia kama wale wa Wyoming. Trela ndogo ya kuvutwa pia watu watawatajia. Sienna inavuta pauni 3,500 tu, trela ya kulaza sita huizidi haraka, na sheria ya Ohio hairuhusu watu kukaa ndani ya trela ya kusafiria ikiwa inavutwa.

Na kama mwisho wake ni Yellowstone kwa RV yoyote ile, ya kukodi au ya kwenu, basi nafasi za kulala lazima mziwekeshe miezi mingi kabla. Ndani ya hifadhi ni kambi ya Fishing Bridge peke yake yenye umeme, maji na bomba la maji machafu kwa pamoja. Akitaka kuunganisha na Glacier, hifadhi nyingine ya taifa kule Montana, ajue ile barabara maarufu ya juu ya mlima hairuhusu gari linalozidi futi 21, yenu itabaki chini. Ukubwa unaofurahisha uani kwa muuzaji si lazima ufurahishe milimani.

La watu watasema sitalikawiza, watu hao hawalipi mkopo na hawapaui. Mama mkwe ndiye wa kusikilizwa. Yule mmemweka kwenye mpango kabla hajaulizwa, na akibaki nyumbani peke yake kwa wiki mbili lazima kuwe na mtu wa kumtazama. Mumeo amuulize mwenyewe, mama na mwanae, wewe usiwe tarishi katikati.

Ijumaa hii akirudi mwache ale, alale. Jumamosi watoto wakiwa na Bibi kaeni wawili, simu pembeni. Risiti kwanza. Kisha kabla ya kufungua hesabu muulize akiwaona mko huko Wyoming anawaona mnafanya nini, na umwache amalize bila kumkatiza, halafu umwambie na wewe likizo yako ina sura gani, hiyo ya kulala na mtu mwingine apike, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi. Mkiamua lolote niandikie, hata kama ni kinyume na unavyodhani mimi nataka. Msalimie sana Bibi na wajukuu wake.